Lishauzwa, Mwanangu: Mwongozo Kamili kwa Aliyelikosa Gari la Zamani Mombasa

Pale lilipokuwa limesimama palibaki pakavu. Kandokando majani ya mkungu yametapakaa, mekundu kwa mabichi, na katikati pana umbo la gari juu ya mchanga: mstatili mweupe, na doa jeusi la oili lenye ukubwa wa sinia ya pilau. Hapo ndipo ilipokuwa Pijo (Peugeot) 504, stesheni-wagoni ya rangi ya maziwa, niliyoipita kwa miaka sita nikienda na kurudi kazini kupitia Ganjoni. Mzee mwenyewe alikuwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Hakuniuliza nilichofuata.

"Lishauzwa, mwanangu. Nalikungoja, hukuja. Hata simu hukupiga."

Zilikuwa zimepita siku kumi na moja tu tangu tukubaliane bei na kupeana mkono. Aliniambia, "Gari ni lako, nenda kaitafute pesa," nami nikaenda kuitafuta. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama, kile cha kuchangishana, ilikuwa wiki ya pili yake. Fundi wangu akapata msiba Kilifi, nikamngoja amalize matanga. Halafu mvua ya masika ikanipa udhuru wa siku mbili zaidi. Ijumaa baada ya swala akaja mtu kutoka bara na lori la kubebea magari na pesa mkononi, na kufikia alasiri Pijo ilikuwa imeshavuka Makupa na kutoka kisiwani.

Tangu siku hiyo nimesikia visa vingi vya wenzangu, na karibu vyote vinafanana: bei haikuwashinda. Walilikosa gari katika zile siku za katikati, baina ya "nimekubali" na "pesa hizi hapa". Kwa hiyo mwongozo huu wote una kazi moja, kuzifupisha siku hizo bila kukufanya ununue gari kwa macho yaliyofumbwa.

Haraka hiyo ina sababu. Gari la zamani huwezi kuagiza tu lingine kutoka ng'ambo. Kiwango cha Kenya cha magari, KS 1515, kinazuia kuingiza Kenya gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo yaliyomo nchini ndiyo hayo hayo. Peugeot iliacha kutengeneza 504 za sedani na stesheni-wagoni Ulaya mwaka 1983, ingawa hapa Kenya ziliendelea kuunganishwa hadi 2004. Tangu hapo hesabu inashuka tu, na kila masika kutu inachukua fungu lake.

Hatua ya 1: Hakikisha kama kweli limeuzwa

Neno "limeuzwa" lina maana tatu Mombasa. Pengine pesa zimeshalipwa. Pengine kuna mtu ameahidi, kama mimi nilivyoahidi. Na pengine Mzee amechoka kuulizwa, anakufukuza kwa adabu. Uliza kwa upole maswali mawili: pesa zimepokewa? Logbuku, ile hati ya umiliki, imeshaanza kuhamishwa?

Ikiwa ni ahadi tupu ya mtu asiyeonekana tena, mwambie mwenye gari kwamba wewe uko tayari leo, uwe tayari kweli, kisha mwachie aamue. Lakini ikiwa wameshakubaliana na mwenzako na arabuni (malipo ya kushikia) imetolewa, usiongeze bei juu. Mtume amekataza kuuza au kununua juu ya biashara ya nduguyo, na hata kama wewe si Muislamu, mtaa utalijua jambo hilo kabla ya magharibi. Mji huu magari ya zamani hupatikana kwa midomo ya watu, na midomo hiyo hiyo itakufungia milango.

Unachoweza kufanya ni kuomba namba ya mnunuzi, au kumwomba Mzee amfikishie yako. Mimi nilituma ujumbe mmoja: "Hongera kwa Pijo ya Ganjoni. Mimi ndiye niliyechelewa. Siku ukiichoka, nikumbuke kabla ya dalali." Mmoja tu. Wengi wanaonunua gari bovu la ndoto zao huchoka ukifika wakati wa rangi na mabati, pale pesa zinapoanza kumwagika. Ukimsumbua kila mwezi, atakufuta. Salamu za Idi zinatosha.

Hatua ya 2: Jiulize unataka gari au unataka ukumbusho

Mimi nilitaka kiti cha tatu. Stesheni-wagoni ya 504 ya familia ina safu tatu za viti, na safu ile ya mwisho ndiyo tuliyokuwa tukirundikwa watoto tukienda harusini Malindi, sufuria za mahamri miguuni, tunaangalia barabara inavyokimbia nyuma. Nilipolikosa gari lile ndipo nilipojua kwamba sedani ya 504, hata ingekuwa safi kiasi gani, haikuwa ile niliyoililia. Hili si jambo dogo. Mtu anayejua anachokitaka hukataa upesi na hukubali upesi, na upesi ndio tunaoutafuta.

Kaa na karatasi. Andika gari moja unalolitaka kwa moyo, na mawili ambayo ungeyakubali. Yapime kwa spea. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilitengenezwa Mexico hadi Julai 2003, na vipuri vyake duniani havijaisha. Land Rover za zamani zina mabati ya alumini, jambo zuri karibu na bahari, ila fremu ya chini ni chuma na huoza kimyakimya. Mercedes W123 ni ngumu kama jiwe, lakini bei ya kipuri kimoja inaweza kukutoa jasho. Pijo ina jambo lake: mafundi wenye mvi wanaijua kwa kuipapasa tu.

Wanaijua kwa sababu ya Safari Rally, yale mashindano ya magari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. 504 ikafuata 1975, ikiendeshwa na Ove Andersson. Zijue tarehe hizi, kwa kuwa muuzaji akianza kukusimulia Safari Rally, ujue bei inapanda ngazi. Akikwambia gari lake ndilo "lile lililoshinda 1978", mkumbushe taratibu kwamba la Jean-Pierre Nicolas mwaka huo lilikuwa kupe (gari la milango miwili) la injini ya V6, nalo lake ni la kubebea samaki.

Hatua ya 3: Pesa zitangulie

Usianze kutafuta gari huna pesa ukidhani gari litakungoja upate. Benki hazina hamu ya kukopesha kwa dhamana ya gari la miaka arobaini. Mkopo wa sako una foleni yake, nacho chama kina zamu. Kwa hiyo weka fungu mapema, na uligawe mara mbili. Nusu ni ya kununua. Nusu ya pili usiiguse, ni ya mwaka wa kwanza: breki, tairi, nyaya, mipira ya milango, fundi wa mabati. Ukiwa na laki nne, wewe ni mnunuzi wa gari la laki mbili. Hesabu hii ni yangu na wako wanaoicheka, lakini wengi wa wanaoicheka wana magari juu ya mawe.

Pesa za arabuni zikae kwenye simu wakati wote. Kwa M-Pesa unaweza kutuma hadi shilingi 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku, basi kwa kiasi kinachozidi hapo ujue mapema utalipa benki gani na itachukua muda gani. Mwenye gari akiwa na akaunti, mwende naye benki mkalipane kaunta. Kutembea na bahasha nene Mwembe Tayari si ushujaa.

Hatua ya 4: Fundi kabla ya gari

Kosa langu kubwa halikuwa pesa. Nilikuwa na fundi mmoja, na yule mmoja alipata udhuru. Tafuta wawili: wa injini na wa mabati. Pwani wa mabati ndiye mwenye uzito, kwa kuwa injini hutengenezeka lakini gari lililoliwa na chumvi ni deni. Kaa nao kabla hujapata gari lolote, mkubaliane malipo ya siku moja ya ukaguzi pamoja na nauli, awe amelipenda gari au amelikataa. Fundi ambaye hapati kitu usiponunua ana sababu ya kukwambia "chukua tu, tutarekebisha".

Hatua ya 5: Kulitafuta lisilotangazwa

Magari mazuri hayafiki sokoni. Yako nyuma ya mageti ya Tudor, chini ya makuti Bamburi, kwenye nyua za Mikindani, yamefunikwa turubai lenye kinyesi cha kunguru.

Wauza spea wa zamani wanajua jambo moja ambalo dalali halijui: nani ameacha kununua. Mzee aliyekuwa akija kila baada ya miezi mitatu kuchukua plagi na kondensa, na sasa mwaka umepita hajaonekana, ana gari lililolala. Uliza hivyo hivyo dukani, "Nani zamani alikuwa akichukua vitu vya Pijo kwako?" Kisha walinzi wa mageti, wauza kahawa wa jioni, na mafundi wa Shimanzi na Changamwe. Mikusanyiko nayo ina kazi: ile East African Safari Classic Rally iliyoanza 2003 imeleta magari ya zamani pwani mara kadhaa, na wanaosimama kando kuyatazama ndio wenye jamaa mwenye gari kama hilo nyumbani.

Dalali mtumie, lakini ujira wake mkubaliane kwa shilingi, mbele ya mtu. Asilimia huzaa ugomvi.

Ukifika kwa mwenyewe, usianze na gari. Bisha hodi, kaa, kunywa ulichopewa. Gari lile amemzikia mama yake, amemleta mkewe hospitali kujifungua. Nimemsikia kijana akimwambia mzee wa Majengo, "Hiki chuma chakavu unataka ngapi?" Mzee akamjibu, "Chuma chakavu nauza kwa kilo, mwanangu, nenda kalete mizani." Hakukuwa na biashara tena siku hiyo, wala siku nyingine. Mwulize alilinunua lini, lilifika wapi, nani alikuwa fundi wake. Majibu hayo ni adabu, na papo hapo ni historia ya matengenezo.

Hatua ya 6: Saa moja ya ukaguzi

Beba vitu vinne: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, tochi, bisibisi, na leso kuukuu ya kulalia. Nenda asubuhi, na omba lisiwashwe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, mtu anaficha namna linavyowaka likiwa baridi.

Anza na kutu. Upepo wa kusi huleta chumvi hadi ndani ya milango, na gari lililolala mtaa wa pili kutoka ufukweni si sawa na lililolala Jomvu, hata yakiwa ya mwaka mmoja. Pitisha sumaku chini ya milango, kwenye vizingiti, juu ya matao ya magurudumu, na chini ya kioo cha mbele. Kwenye bati huvutika. Kwenye filla, ule unga wa kuzibia mashimo ya bati, haishiki. Kuna Pijo moja Mikindani iliyokuwa iking'aa kama sahani ya harusi. Niliweka sumaku juu ya gurudumu la nyuma, ikateleza ikaanguka mchangani. Nikaiokota, nikaweka sentimita chache mbele, ikaanguka tena. Fundi wangu wa mabati alisimama mikono nyuma, hakusema kitu, akawa anaangalia nazi juu ya mti. Tao lote lilikuwa unga na rangi. Tulishukuru, tukaondoka, na siku ile fedha yake ya ukaguzi niliilipa kwa furaha.

Kisha tandika leso, ulale chini. Inua mikeka ya ndani uone sakafu, toa tairi ya akiba uone kisima chake, angalia mahali springi zinaposhikia bodi na pale jeki inapoingia. Kwa ruhusa ya mwenyewe, bonyeza kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Kutu ya juu juu isikutishe, inayotisha ni ile iliyofika kwenye mifupa.

Injini ya 504 ina kichwa cha alumini juu ya bloku ya chuma, na silinda zake ni laina (mapipa) zinazotoka, maji yakizunguka nje yake. Hiyo ni habari njema, kwani laina na pistoni hubadilishwa bila kuchonga bloku. Habari mbaya ni ya mji wetu. Watu wengi hujaza rejeta maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi: ukiona matope ya kahawia na unga mweupe, chumvi imekuwa ikitafuna kichwa kwa miaka. Vuta kijiti cha oili. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Likiwashwa, moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayopita gasketi.

Haliwaki kabisa? Si mwisho. Toa plagi, tia oili kidogo kwenye kila silinda, ngoja, kisha zungusha injini kwa spana kwenye pulei. Ikizunguka laini kwa mkono, kuna matumaini. Ikigoma, bei ishuke hadi ya gari lisilo na injini.

Jambo la petroli, maana huulizwa sana: Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Injini za zamani zenye kichwa cha chuma, ambazo viti vya vali havikuimarishwa, huweza kula viti hivyo polepole. Mwulize fundi kama kichwa kilishawahi kufunguliwa na viti kubadilishwa. Kwa Pijo yenye kichwa cha alumini, hofu hiyo si kubwa.

Halafu usidanganyike na injini ukasahau vitu vidogo. Kioo cha mbele, mipira ya milango, zile taa za mbele zenye pembe alizozichora Pininfarina, vishikio, nembo. Pistoni utapata. Kishikio cha mlango wa nyuma wa stesheni-wagoni utakitafuta hadi uote mvi.

Hatua ya 7: Karatasi

Hapa ndipo ndoto nyingi hufa, na afadhali zife mapema. Kabla ya shilingi yoyote, fanya uchunguzi wa gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa muda mrefu ada yake imekuwa shilingi 550. Utapata jina la mwenye gari na maelezo yake. Linganisha na logbuku, kisha linganisha logbuku na gari lenyewe: namba ya chesi iliyogongwa kwenye bati, namba ya injini kwenye bloku. Magari haya yamebadilishwa injini mara mbili tatu bila mtu kuandikisha. Si dhambi isiyosameheka, lakini kuirekebisha ni kazi ya muuzaji kabla ya kuuza.

Magari yenye namba za zamani, zile zisizo na herufi ya mwisho, mengine yana logbuku ya karatasi tu na kwenye mfumo hayaonekani. Jibu likija tupu, mwambie mwenyewe aanze kuliingiza kwenye mfumo, na usitoe zaidi ya arabuni hadi litokee.

Tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2017, gari linaweza kuwekwa rehani na likaandikwa kwenye rejista ya dhamana, ambayo nayo hutafutika kupitia eCitizen. Ni nadra kwa gari kuukuu, ila dakika kumi si nyingi.

Sasa lililo zito: marehemu. Magari mengi ya namna hii jina lililoandikwa ni la mtu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mjane anataka kuuza, mwanawe mkubwa amekubali, wa Dubai hajaulizwa. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu yeyote kushika au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na ni kosa la jinai. Familia ya Kiislamu inaweza kwenda Mahakama ya Kadhi, nyingine mahakama za kawaida. Unachotaka kuona ni hati ya usimamizi wa mirathi, na jina la anayekuuzia liwe ndilo lililomo. Ukilipenda gari kweli, jitolee kusaidia gharama za mahakama, mkate kwenye bei. Nawajua waliopata gari kwa njia hii baada ya wengine wote kukimbia. Subira ya karatasi ina faida kuliko subira ya pesa, maana hapa washindani wako hawana moyo.

Hatua ya 8: Arabuni na kipande cha karatasi

Kupeana kwangu mkono na yule Mzee hakukuwa na meno, na sheria inasema hivyo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinasema makubaliano ya kuuza bidhaa ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa kitu cha kufunga makubaliano, au amelipa sehemu ya bei, au yawe yameandikwa na kutiwa saini. Ningemwachia Mzee shilingi elfu ishirini na mistari mitano, mambo yangekuwa mengine. Wala simlaumu. Neno lake alilishika siku kumi na moja.

Mistari yenyewe ni hii, iandike kwa mkono kama huna pengine:

"Mimi (jina, kitambulisho) nimepokea kwa (jina, kitambulisho) shilingi (kiasi) zikiwa arabuni ya gari (aina), usajili (namba), chesi (namba). Bei tuliyokubaliana ni (kiasi). Sitaliuza kwa mwingine hadi saa kumi jioni ya tarehe (siku). Uchunguzi wa karatasi ukionyesha kasoro, au nikighairi, nitarudisha arabuni yote."

Saini mbili, mashahidi wawili, picha ya karatasi kwenye simu. Muda uwe wa siku saba, si mwezi. Kuhusu mnunuzi kughairi, semezaneni wazi. Kwa fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa, muuzaji kuila arabuni ya bure hakukubaliki, na wazee wengine watairudisha hata ukiwaambia wabaki nayo. Wengine hawana habari hiyo.

Hatua ya 9: Kuhamisha

Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Wazee wengi hawana akaunti. Nenda na kijana mvumilivu, si cyber (duka la intaneti) ya haraka haraka inayobaki na nywila ya mtu. Baki ya pesa itoke uhamisho ukishaanzishwa mbele ya macho yako. Usikubali kubaki na logbuku ya jina la mwingine "kwa sasa". Sheria ya Trafiki inatoa siku 14, na aliyeandikwa ndiye anayehesabiwa mwenye gari hadi ithibitishwe vingine. Bima kamili kwa gari la umri huu kampuni nyingi hazitaki kuisikia. Ile ya kulinda watu wengine ndiyo utakayoipata, nayo ni lazima.

Hatua ya 10: Kulipeleka nyumbani

Usiliendeshe siku ya kwanza, hata likiwaka vizuri. Breki zilizolala miaka hazina ahadi. Kodi lori la kubeba, na kama latoka upande wa Likoni, pita Dongo Kundu. Gari linalozimika kwenye mteremko wa feri, na watu elfu nyuma yako wanapiga kelele, litakufundisha matusi ya makabila yote.

Mimi hatimaye nilipata 504 nyingine, Changamwe, sedani, ya buluu. Ilinichukua siku nne tangu kuiona hadi jina langu kuandikwa. Ilipofika nilimwita yule Mzee wa Ganjoni aje kuiona. Aliizunguka polepole, akapapasa kizingiti kwa ukucha, akafungua boneti mwenyewe bila kuuliza kamba iko wapi. Akanyamaza muda.

"Si wagoni," akasema.

"Najua, Mzee."

Akaanza kuushika waya wa betri, ambao panya walikuwa wameula ganda lote karibu na bati. "Na hii walala nayo hivi, imeshikwa? Lete spana namba kumi, utoe hasi kwanza. Nyumba isije ikaungua usiku."